Jando la Kiwanda cha Ngozi

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, lile zima na lile bovu, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi hata punje. Chumvi nimekatazwa na daktari. Yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake siwezi kulitaja, si kwa kuogopa, la, ila wakati ule jina lenyewe lilikuwa limekodishwa kwa kampuni ya simu, na kila aliyelitaja alikatwa salio. Basi tuiite Nchi Ile. Anayetaka kujua iko upande gani asihangaike na ramani. Atoke nje, avute pumzi.

Katika Nchi Ile kulikuwa na kiwanda cha ngozi. Kilikaa juu ya kilima, na bomba lake la maji machafu lilishuka kilimani kama utumbo uliomponyoka mchinjaji, likamwaga bondeni, karibu kabisa na kisima cha Bi Sihaba. Bi Sihaba alikuwa mjane mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa, na watu wa pande zile walimjua kwa togwa. Siri ya togwa yake haikuwa mtama wala kimea. Ilikuwa maji. Maji ya kisima kile yalikuwa matamu hata wageni walidhani yametiwa sukari. Mumewe ndiye aliyekichimba, akafa, akamwachia. Hakumwachia kingine.

Kiwanda kilipoanza kazi, maji yakabadilika. Kwanza yakawa na rangi ya chai. Kisha yakatoa povu. Kisha yakapata harufu ya kiatu kipya, jambo ambalo baadhi ya watu, kwa kuwa hawajawahi kuvaa kiatu kipya, walilifurahia kidogo. Bi Sihaba hakulifurahia. Wateja walionja togwa, wakatema kando, wakaaga kwa heshima, wasirudi. Naye akajifunga kanga yake vizuri, akaenda serikalini.

Serikali ya Nchi Ile haikuwa serikali ya kudharauliwa. Ilikuwa na wizara nzima kwa mambo kama hayo: Wizara ya Kuhimiza Adabu za Viwanda. Mapokezi alikuta kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kisima changu kinanuka ngozi."

"Pole sana mama. Kinanuka ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi?"

"Kuna tofauti?"

"Tofauti kubwa. Ng'ombe ni ghorofa ya pili."

Akapanda ghorofa ya pili. Huko akamkuta bwana mmoja mnene mwenye huruma nyingi usoni. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maji ya chupa, akamwambia:

"Mama yangu, sisi hatuna uwezo wa kuzuia. Hukusoma pale mlangoni? Wizara ya Kuhimiza. Kuzuia kulikuwa na wizara yake, ikavunjwa, pakajengwa maegesho."

"Basi kihimizeni kizibe bomba."

"Tunakihimiza, mama. Kila Jumatatu tunakipigia simu, tunakihimiza."

"Nacho kinasemaje?"

"Kinashukuru."

Bi Sihaba akanywa maji yake, akarudi nyumbani.

Msije mkadhani Waziri alikuwa amelala. Mheshimiwa Mbaruku Selenge alikuwa semina, kwenye hoteli ambayo baridi yake iliwafanya wajumbe wakope makoti kwa wahudumu. Mtaalamu mmoja aliyetoka mbali aliwafundisha kwamba serikali ina majukumu manne mbele ya viwanda: kuamuru, kuwezesha, kushirikiana na kupongeza. Waziri akanyoosha mkono.

"Mtaalamu, katika hayo manne, lipi halina ugomvi?"

"Kupongeza, Mheshimiwa."

"Basi tuanze na hilo. Haya mengine tutayarudia tukijaliwa uhai."

Ndivyo ilivyokuwa. Sekta ya saruji ikapongezwa kwa vumbi lake, kwa kuwa lilifika mpaka kwa maskini ambao wasingeweza kununua saruji kwa mfuko. Sekta ya sukari ikapongezwa kwa kuchoma mashamba, maana wananchi walipata joto. Kiwanda cha ngozi kikapewa ngao kubwa ya shaba kwa kuupa mto wa bondeni rangi. Wakapongeza, wakapongeza, hadi siku moja maafisa wakagundua kwamba sifa zimekwisha. Hakuna kiwanda kilichobakiwa na jambo ambalo halijapongezwa. Wizara ikabaki haina kazi, na watu wakaanza kuipigia hesabu za maegesho.

Hapo ndipo mwanasheria wa wizara, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu, alipokohoa mkutanoni na kusema kwamba kwa mujibu wa sheria, kampuni ni mtu.

"Mtu vipi?" akauliza Waziri.

"Mtu, Mheshimiwa. Ana jina, ana mali, hushtaki na hushtakiwa."

Waziri hakula chakula cha mchana siku ile. Jioni akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Nimeelezwa, nami nikashtuka, kwamba kampuni ni mtu! Mtu kamili, sawa na mimi na ninyi, ingawa zaidi sawa na mimi! Sasa nauliza: mtu huyu alitahiriwa wapi? Alilala kumbi gani? Kungwi gani alimfunda? Hakuna! Tumewaacha watoto wetu wameota misuli ya chuma bila kupita jandoni, halafu tunasimama barabarani tunawalaumu kwamba hawana adabu! Watatoa wapi adabu? Kosa si lao. Kosa ni letu sisi wazazi!"

Makofi yakapigwa kwa muda mrefu, maana vipaza sauti vya Nchi Ile vilikuja vikiwa na makofi yake ndani.

Ikatoka amri. Kila sekta ni rika moja, na kila rika litapelekwa jandoni kwa zamu. Rika la ngozi litatangulia, kwa sababu ndilo lenye harufu.

Basi kiwanda kikazungushiwa uzio wa makuti, kikawa mwali. Akateuliwa Kungwi Mkuu wa Serikali, Bwana Mkumbukwa, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, ambaye zamani aliwahi kufunda watoto wa kweli na wengine wakawa watu. Alizunguka kiwandani akiyaimbia mapipa ya kuloweka ngozi nyimbo za adabu: ukimkuta mkubwa amkia, ukipita shamba la mtu usivunje, usikojoe njiani. Mapipa yakasikiliza. Bomba likaendelea kumwaga.

"Mbona bado linamwaga?" wakauliza watu.

"Mwali ana oda za nje," akajibu Meneja Mkuu, Bwana Lugome, kijana mwenye saa kubwa kuliko mkono wake.

Wakanyamaza, kwa sababu mila ni mila, na mwali hasemwi. Kumbi likishafungwa, ni mwiko kumkemea aliyemo ndani, na anayemkemea hutozwa faini. Mila ile ile husema kwamba mwali hulishwa na watu wa nje. Balozi wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba akigawa zamu. Hakuna aliyekataa. Watu walikuwa wamefika mahali ambapo mtu akiambiwa apike, anapika. Akiambiwa apakue, anapakua. Na akiulizwa anajisikiaje anasema salama.

Zamu ya Bi Sihaba ilipofika, alipeleka alichokuwa nacho. Meneja Lugome, aliyekuwa akila kwa niaba ya kiwanda, akaonja togwa, akakunja uso.

"Mama, togwa gani hii? Inanuka ngozi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa unampaje mwali kitu kinachonuka? Si ataugua?"

"Labda."

"Lete kuku."

Akaenda akaleta kuku. Alikuwa naye mmoja.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka ilipofika siku yenyewe ya kukata. Hapo wizara nzima ikakwama. Jando bila mkato si jando, ni pikiniki. Lakini kiwanda kikatwe wapi? Ikaundwa Kamati ya Mkato. Wakakaa ndani ya uzio na viti vya plastiki, Kungwi katikati, wembe wake mkongwe umefungwa kwenye kitambaa.

"Tukate lango," akasema mmoja.

"Lango ni la kukodi," akasema Meneja.

"Tukate kidogo kwenye dohani."

"Dohani ni dhamana ya benki."

"Basi tukate posho za wakurugenzi," akasema Kungwi, ambaye hakuwa mzoefu wa serikali. Watu wakacheka kwa upole, mmoja akampelekea soda.

Bi Sihaba alikuwa amekuja kuchukua sahani yake. Akasimama nje ya makuti, akasikiliza, halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Kateni lile bomba la chini."

Viti vya plastiki vikageuka.

"Bomba gani, mama?" akauliza Kungwi.

"Lile linalomwaga."

Wajumbe wakatazamana. Na mzee Mkumbukwa, naapa tena, aliinuka kitini. "Mama anasema kweli," akasema. "Kwa umbo, kwa mahali, na kwa kazi yake, kama kiwanda hiki kina pa kukatwa, basi ni pale. Nimekata wengi. Nisingekosea."

Meneja Lugome akajikuta ameweka mikono yote miwili mbele ya suruali.

"Mzee, nakuomba! Pale ndipo uhai wa kampuni ulipo! Ukikata pale haitazaa!"

"Haitazaa nini?"

"Faida!"

"Jando halimzuii mtu kuzaa, baba. Wewe mwenyewe una watoto?"

"Tusiingie mambo binafsi!"

Kwa muda mfupi pale, watu wa bondeni wakawa na kitu kama matumaini. Watu walisogea kwenye uzio. Mtu mmoja akashika ndoo bila kujua kwa nini. Bi Sihaba alisimama wima, sahani kifuani, akimtazama mzee na kile kitambaa chake. Kama wembe ungeshuka, maji yangerudi; kama maji yangerudi, watu wangekuja kunywa togwa. Haikuwa hesabu ngumu.

Lakini Kamati ikapeleka suala juu, nalo likarudi na ufafanuzi. Waziri alisema mkato uko pale pale na bomba liheshimiwe. Kwa hiyo siku ya sherehe walifunga utepe mwekundu kwenye mdomo wa bomba, bendi ikapiga, Waziri akaletewa mkasi wa dhahabu juu ya mto wa hariri, akakata utepe. Damu haikutoka. Yalitoka maji ya rangi ya chai, na daktari wa wizara akathibitisha kwamba inatosha.

"Amepona!" akapaza sauti mshereheshaji. Vigelegele vikapigwa kutoka kwenye vipaza sauti.

Kungwi Mkumbukwa alifunga wembe wake, akavua kofia ya kiua, akaomba lifti ya kurudi kwao. Sikusikia habari zake tena.

Kiwanda kikapewa jina jipya la ukubwani, Ngozi na Huruma, na likaandikwa getini kwa taa zinazowaka na kuzima. Yule bwana mnene wa ghorofa ya pili akamfuata Bi Sihaba palepale uwanjani, jasho linamtiririka, huruma ileile usoni.

"Mama, nina habari njema. Lile lalamiko lako tumelifunga. Mtoto hashikwi kwa mambo ya kabla ya jando."

"Na haya yanayomwagika sasa?"

"Leo ni sherehe, mama."

Kisha Meneja Lugome akapanda jukwaani. Akasema kijana wetu ametoka kumbini, na kwa mila za mababu mwali akitoka huomba zawadi, na akiomba hanyimwi. Hataki fedha. Hataki ng'ombe, ng'ombe anao, wamevuliwa ngozi. Anaomba kisima kile pale bondeni, akilee kama mtu mzima anayejali jirani zake.

Waziri akaguswa. Alitoa leso.

"Mmesikia? Mmesikia matunda ya kufunda? Jana mtoto huyu alikuwa akichafua kisima, leo anaomba kukilea! Mama yetu yuko wapi? Mama Sihaba! Mama, usimnyime mtoto."

Uwanja mzima ukamgeukia. Bi Sihaba akapanda jukwaani polepole, akashika kipaza sauti kama anavyoshika mwiko.

"Simnyimi," akasema. "Lakini mila nami naijua. Mwali akipewa kisima, hunywa kwanza mbele ya aliyempa."

Ikaletwa kata ya maji. Meneja akatazama kushoto, akatazama kulia, akanywa. Na pale pale, wenzangu, moyo wake ukapasuka! Akalia kama mtoto mchanga. Akapiga magoti, akasema, "Mama, nisamehe, sikujua!" Akateremka bondeni na suti yake, akaliziba lile bomba kwa koti lake mwenyewe. Rika zima la ngozi likaiga. Saruji ikafunika vumbi lake, sukari ikazima moto. Maji ya kisima yakawa matamu wiki ileile. Waziri naye, kwa aibu ya yote yaliyotokea chini ya uongozi wake, akaandika barua, akajiuzulu...

Nilipofika hapo nilikuwa nawasomea wenzangu haya barazani kwa fundi Mwinchande, mshonaji wa suruali, ambapo sisi wastaafu hukaa kutwa kuhakikisha kwamba cherehani haiibiwi. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli. Cherehani ikanyamaza.

"Simama hapo, Mzee Pazi."

"Nini tena?"

"Nimekusikiliza tangu asubuhi. Umesema kiwanda kimetiwa jandoni, nikakubali. Umesema bomba lilifungwa utepe, nikakubali, hata niliona kama nilikuwepo. Sasa unasema waziri kajiuzulu kwa aibu?"

Watu wakaguna. Bi Mwanaheri, muuguzi mstaafu, ambaye huja kwa fundi kushonewa gauni ambalo haliishi, akatikisa kichwa. "Hapo umetuvunjia heshima, Mzee Pazi. Uongo una mpaka."

"Basi hakujiuzulu," nikasema. "Alipelekwa wizara nyingine."

"Na meneja alilia?" akauliza fundi.

"Alipiga chafya."

"Alikunywa?"

"Alikunywa ya chupa."

"Na bomba?"

"Lipo."

"Na kisima?"

"Kimezungushiwa ukuta. Kuna kibao kinasema kinalelewa."

"Na mama mwenyewe alisema nini pale jukwaani?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Hakusema. Walimpa kipaza sauti, akakishika, akawarudishia. Wakapiga makofi."

"Siku hizi anauza nini?"

"Hauzi."

"Anakaa wapi?"

"Palepale. Asubuhi huchukua ndoo, huvuka kilima kwenda kutafuta maji upande wa pili. Ukimuuliza hali, anasema salama."

Fundi Mwinchande akaokota uzi uliodondoka, akautazama, akautupa. Mwishowe akagonga meza ya cherehani kwa kidole. Barazani kwetu tuna sheria yetu: anayekamatwa na uongo hulipa kama aliyeshindwa kitendawili.

"Toa mji," akasema.

Nikajikuna kichwa. Miji yangu yote nilikwishaitoa kwa hadithi za nyuma. Hata Makka niliwapa, wakaenda wakarudi. Nikasema, "Haya, chukueni Nchi Ile yote. Kiwanda, wizara, maegesho, kila kitu chenu."

"Hiyo tunayo," akasema fundi. "Toa kahawa."

Nikampungia mkono muuza kahawa, akamimina kwa kila mtu, nikalipa. Tukanywa. Ilikuwa na harufu kidogo, lakini hakuna aliyeuliza maji yake yalichotwa wapi.